Mkono, jina, kidole: namna ya kuyashika Marekebisho ya 13, 14 na 15 kabla ya mahojiano ya uraia

Afisa aliniuliza: kuna marekebisho manne ya Katiba yanayohusu nani anaruhusiwa kupiga kura, eleza mojawapo. Nikajibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyekesha na daftari, "Ya kumi na tano!" Akanitazama. Nikamtazama. Akasubiri, nami nikasubiri nikidhani anaandika. Kumbe alitaka nieleze, na mimi nilichobeba kichwani ni namba tupu, ganda la karanga lisilo na karanga ndani. Swali hilo nikalikosa. Mengine niliyapata, nikala kiapo, nikapewa cheti changu, lakini ule ukimya wa pale mezani sijausahau.

Mimi ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Naishi Louisville, Kentucky, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo, na kila Jumamosi saa nane mchana nakaa na watu kumi, kumi na wawili hivi, kwenye chumba cha chini cha kanisa tulichoazimwa, tunajiandaa kwa mahojiano ya uraia wa Marekani. Wengi ni Wakongo wa Fizi, Uvira na Bukavu waliopitia kambi ya Nyarugusu. Wachache ni Warundi na Watanzania. Hii ndiyo njia tunayoitumia kuyasoma yale marekebisho matatu yaliyomaliza utumwa na kuwapa watu weusi uraia na kura. Watu huyaogopa kwa sababu yamefuatana namba na kwa mbali yanafanana sura, kama mapacha watatu waliovishwa sare.

Ujue kwanza mtihani wako ni upi

Aliyepeleka maombi ya uraia kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 anafanya mtihani wa zamani: orodha ya maswali 100, afisa anauliza hadi 10, unatakiwa upate 6. Aliyepeleka tarehe hiyo au baada yake anafanya mtihani mpya: orodha ya maswali 128, unaulizwa hadi 20, unatakiwa upate 12. Orodha zote mbili hutolewa bure na idara ya uraia na uhamiaji, kwa hiyo usimlipe mtu akuuzie fotokopi, na usisomee karatasi ya jirani kabla ya kuangalia tarehe yako mwenyewe.

Wazee wana nafuu. Mwenye miaka 50 aliyekaa na kadi ya kijani (kibali cha kuishi nchini kwa kudumu) miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa nayo miaka 15, anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na kadi ya miaka 20 anasoma maswali 20 tu, yale yenye alama ya nyota.

Kama utakwenda na mkalimani, kaa naye mapema mpatane maneno. Kuna mzee wetu mmoja ambaye kila akisikia "marekebisho" alifikiria gereji, gari limeinuliwa na fundi yuko chini yake. Nikamwambia, mzee, hapo umekosea kidogo tu. Fundi wa gari huondoa kipuri kibovu akatia kipya. Katiba ya Marekani haiondolewi kitu: maneno ya zamani yanabaki palepale, na jipya linaongezwa mwishoni. Ndiyo maana ukiifungua leo bado utayakuta maneno ya aibu ya mwaka 1787, na kurasa kadhaa mbele utaikuta sentensi inayoyaua.

Maharage 36

Kabla ya kugusa namba 13, uelewe ilikuja kuondoa nini. Katiba ya 1787 ilijaa utumwa bila kuutaja kwa jina. Ilipohesabu watu kwa ajili ya viti vya Bunge, iliwataja watu huru, kisha ikasema "watu wengine wote" wahesabiwe kwa sehemu tatu za tano. Watu wengine wote ni nani? Ikanyamaza. Mahali pengine ilisema Bunge halitakataza hadi mwaka 1808 kuingizwa kwa "watu" ambao majimbo yanaona vema kuwapokea. Mahali pa tatu ikaamuru mtu "aliyefungwa kwa utumishi au kazi" akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa anayemdai. Neno utumwa lenyewe liliingia kwenye Katiba siku lilipopigwa marufuku, katika Marekebisho ya 13. Hili si swali la mtihani, lakini sijaona mwanafunzi aliyelisikia akalisahau.

Sasa chukua maharage 36, uyamwage mezani. Hayo ndiyo majimbo ya Marekani mwaka 1865. Ili Katiba irekebishwe, theluthi mbili za kila baraza la Bunge zikubali, kisha robo tatu ya majimbo yaridhie. Tenga robo tatu ya maharage yako: 27. Baraza la Seneti lilipitisha Marekebisho ya 13 tarehe 8 Aprili 1864 kwa kura 38 dhidi ya 6, lakini Baraza la Wawakilishi likagoma mwezi Juni. Likarudishiwa jambo lilelile tarehe 31 Januari 1865: 119 wakakubali, 56 wakakataa. Piga hesabu: theluthi mbili ya hao 175 ni 117. Zilizidi kura mbili. Kisha majimbo yakaanza kuridhia moja moja, na harage la 27 lilikuwa Georgia, tarehe 6 Desemba 1865. Rais Abraham Lincoln, aliyelisukuma jambo hili, alikuwa ameshauawa tangu Aprili.

Watu wazima huona haya kuchezea maharage. Wachezee. Mkono ukishahesabu, kichwa hakisahau, na swali la robo tatu na theluthi mbili huwa halirudi kusumbua. (Leo majimbo ni 50, kwa hiyo robo tatu ni 38.)

Maswali matatu kwa kila sentensi

Nunua daftari la mistari na kalamu ya rangi mbili. Nakili kila moja ya sentensi nitakazozitaja kwa mkono wako, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha uiulize: unamwambia nani? Unakataza nini? Umeacha mlango gani wazi? Jibu la swali la tatu liandike kwa rangi nyekundu. Historia yote ya haki za raia ya miaka mia iliyofuata ni watu wakipita kwenye milango hiyo, na wengine wakikimbilia kuifunga.

Na kwa kumbukumbu, shika viungo: 13 ni mkono, uliofunguliwa pingu. 14 ni jina, lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. 15 ni kidole, kile tunachochovya wino kwetu siku ya kura. Hapa Marekani hawachovyi wino, lakini wewe unakijua hicho kidole.

Mkono: ya 13

Sentensi yake ni hii: utumwa wala utumishi wa kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu ya uhalifu ambao mtu amehukumiwa kihalali, hautakuwepo ndani ya Marekani wala mahali popote palipo chini ya mamlaka yake.

Inamwambia nani? Hapa wanafunzi hutafuta neno "serikali" wasilione. Halipo. Sentensi hii haimsemeshi mkubwa fulani. Inasema kitu hiki hakitakuwepo, basi. Mwenye shamba hawezi kuwa nacho, mwenye kiwanda hawezi, jimbo haliwezi, Washington haiwezi.

Tofautisha hili na Tangazo la Ukombozi la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, maana kwenye mtihani haya mawili hukaa jirani. Ukiulizwa Tangazo lilifanya nini, jibu kwamba liliwaachia huru watumwa, au watumwa wa majimbo yaliyoasi, yale ya kusini yaliyojitenga yakapigana vita na serikali ya Washington. Lakini ujue mwenyewe moyoni kwamba lilikuwa amri ya vita na liliyahusu yale maeneo yaliyoasi tu. Kentucky hapa, ambako Lincoln mwenyewe alizaliwa mwaka 1809, haikuasi. Basi watumwa wa Kentucky, waliohesabiwa 225,483 mwaka 1860, Tangazo liliwapita kama mvua inayonyesha ng'ambo ya ziwa. Njia iliyokuwepo kwa wanaume ilikuwa kujiunga na jeshi. Kusini ya mji wa Lexington pana mahali panaitwa Camp Nelson, ambapo askari weusi zaidi ya 10,000 waliingia jeshini na kupata uhuru wao. Wake zao na watoto waliwafuata, wakajenga vibanda, na Novemba 1864, katika baridi kali, kamanda akaamuru wafukuzwe na vibanda vibomolewe. Kama 400 walitolewa nje, na 102 wakafa. Ghadhabu iliyofuata iliisukuma Bunge kupitisha sheria ya Machi 1865 iliyowaweka huru wake na watoto wa askari. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi pale. Mama mmoja aliyewahi kufukuzwa kambini na wanawe alisimama muda mrefu penye nyasi, hakusema kitu, tukamwacha.

Waliobaki waliachiliwa na Marekebisho ya 13 Desemba 1865, miezi sita baada ya ile Juni 19 ya Galveston, Texas, siku watumwa wa huko walipotangaziwa uhuru, inayosherehekewa sasa kama sikukuu ya taifa. Bunge la Kentucky lenyewe liliyakataa marekebisho haya. Likaja kuyaridhia mwaka 1976. Ndiyo, 1976, mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Mlango: "isipokuwa kama adhabu ya uhalifu". Baada ya vita majimbo ya kusini yalitunga sheria za uzururaji. Mtu mweusi asiye na karatasi ya ajira alikamatwa, akatozwa faini asiyoweza kulipa, kisha jimbo likamkodisha kwa mwenye mgodi au shamba. Alabama iliacha kukodisha wafungwa mwaka 1928 tu. Tulipofika hapo, mama wa Fizi akaweka kalamu chini: "Mwalimu, hii nyumba iko na mulango ya nyuma." Hajakosea. Na asidhani mtu kwamba ni ujanja wa Wamarekani peke yao. Amri ya Sultani wa Unguja ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa iliwaacha nje masuria, wakasubiri hadi 1909. Bibi yangu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, kizazi cha watu walioletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, huko huko wanakotoka wanafunzi wangu, na kwenye mji ule wazee walikuwa na namna ya kushusha sauti ukoo wa mtu unapotajwa. Kwa hiyo orodha inapouliza ni watu gani waliletwa Marekani wakauzwa kama watumwa, na jibu ni Waafrika, darasa letu huwa na ucheshi mkavu. Jibu jepesi kuliko yote, na hakuna anayelishangilia.

Jina: ya 14

Hii ndiyo ndefu, ina vifungu vitano, na ndiyo inayowatoa watu jasho. Soma kifungu cha kwanza tu, vingine vipitie kwa macho. Leta darasani cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako aliyezaliwa hapa, ukiweke juu ya meza, kisha usome: watu wote waliozaliwa au kupewa uraia nchini Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani na wa jimbo wanamoishi.

Angalia neno "au". Waliozaliwa, huyo ni mwanao. Au kupewa uraia, huyo ni wewe baada ya kiapo. Sentensi moja imewachukua wote wawili kwa uzito uleule. Baba mmoja aliniuliza kama raia wa karatasi ni raia nusu. Nikamwambia asome "au" kwa sauti mara tatu.

Sentensi hii iliandikwa kujibu hukumu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa kuwa alikuwa ameishi katika maeneo yasiyo na utumwa, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Roger Taney iliamua kwamba mtu mweusi wa uzao wa watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, awe mtumwa au huru. Hukumu ya Mahakama ya Juu haifutwi kwa hotuba. Ilibidi Katiba yenyewe iseme vingine, na ikasema tarehe 9 Julai 1868 marekebisho yalipoidhinishwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1898, sentensi hiyo ikamkinga Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, ambaye alisafiri kwenda China na aliporudi akazuiwa bandarini kwa madai kwamba si raia. Mahakama ikasema ni raia. Maneno "walio chini ya mamlaka yake" yanagombaniwa hadi leo, kwa hiyo yanakili kikamilifu, usiyaruke. Kwenye orodha mpya hili ni swali kamili: ni marekebisho gani yanayosema hivyo? Ya 14.

Baada ya hapo kifungu kinageuka, na hapa uliza kwa makini unamwambia nani. Kinasema: hakuna jimbo litakalopunguza haki za raia wa Marekani, wala jimbo lolote halitamnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata njia ya sheria, wala kumnyima mtu yeyote aliye chini ya mamlaka yake ulinzi sawa wa sheria. Pigia mstari "jimbo" popote linapotokea. Kisha pigia mstari "mtu". Haijasema raia hapo, imesema mtu. Mwenye kadi ya kijani yumo. Asiye na kadi yumo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaogopa hata kulalamikia mshahara uliopunjwa, eti yeye bado si raia. Mstari ule ulimfundisha zaidi ya mimi.

Mlango basi uko wapi? Uko kwenye lile neno "jimbo". Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ilisema marekebisho haya yanalifunga jimbo, hayamfungi mwenye hoteli, mwenye ukumbi wa tamthilia wala mwenye treni. Mlango wa pili ulifunguliwa na Mahakama hiyohiyo mwaka 1896, katika kesi ya Homer Plessy aliyekaa kwenye behewa la wazungu huko Louisiana: wakasema kutenganisha watu kwa rangi kunakubalika ilimradi huduma ni sawa. Jaji mmoja tu alikataa katika kesi zote mbili, na huyo alikuwa John Marshall Harlan, mtoto wa Kentucky hapa, aliyewahi kumiliki watumwa na kuyapinga Marekebisho ya 13 kabla hajabadilika. Aliandika kwamba Katiba haioni rangi. Alikuwa peke yake. Mimi humpenda mzee huyu kwa sababu hakuzaliwa na msimamo ule, aliufikia.

Mlango wa Plessy ulifungwa shuleni tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, ya wazazi weusi waliopinga watoto wao kutengwa shuleni kwa rangi, majaji wote tisa kwa sauti moja. Wakili Thurgood Marshall, aliyeongoza upande wa wazazi, baadaye akawa jaji wa kwanza mweusi kwenye mahakama hiyohiyo. Mlango wa hoteli na migahawa ulifungwa na Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Ukiulizwa harakati gani zilijaribu kukomesha ubaguzi wa rangi, jibu ni harakati za haki za raia. Ukiulizwa Martin Luther King alifanya nini, sema alipigania haki za raia, au alitafuta usawa kwa Wamarekani wote. Usiongeze hadithi. Afisa ana watu wengine nje.

Kidole: ya 15

Tarehe 3 Februari 1870: haki ya raia wa Marekani kupiga kura haitanyimwa wala kupunguzwa na Marekani au na jimbo lolote kwa sababu ya rangi, kabila, au kuwahi kuwa katika hali ya utumwa. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo Thomas Mundy Peterson, mtunza shule wa mji wa Perth Amboy, New Jersey, akapiga kura, wa kwanza mweusi kupiga chini ya ulinzi wa maneno hayo.

Sasa tafuta kalamu nyekundu, maana hapa milango ni mingi. Sentensi haisemi kila mtu apige kura. Inasema usimnyime mtu kwa sababu hizi tatu. Sababu nyingine je? Ndipo walipopita. Wakaleta mtihani wa kusoma, na karani ndiye msahihishaji. Wakaleta sheria ya babu: kama babu yako aliruhusiwa kupiga kura kabla ya mwaka 1866, wewe umesamehewa mtihani, na babu wa mtu mweusi wakati huo kwa kawaida alikuwa mtumwa. Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo ya Oklahoma mwaka 1915. Na wakaleta kodi ya kichwa: huna risiti, huna kura.

Hii kodi ya kichwa sihitaji kuieleza. Nikilitaja tu, wazee wote chumbani hutikisa vichwa.

Hapa ndipo lile swali lililoniangusha linapojibika, maana marekebisho manne ya kura ni 15 na matatu yaliyokuja kuziba yaliyobaki. Yasome kama mlango na kufuli. Ya 15 ilisema rangi si sababu, lakini ikawaacha wanawake wote nje; ya 19 ikawaingiza tarehe 18 Agosti 1920, pale jirani zetu Tennessee walipokuwa jimbo la 36 kuridhia, kwa kura ya kijana wa miaka 24, Harry Burn, aliyebadili msimamo baada ya kupata barua ya mama yake. (Akina mama wa darasani hulipenda hili kupita kiasi. Nimeshatishiwa barua.) Ya 24, Januari 1964, ilipiga marufuku kodi kama sharti la kura katika chaguzi za taifa, kodi ambayo bado ilikuwa imeng'ang'aniwa na Alabama, Arkansas, Mississippi, Texas na Virginia. Ya 26, Julai 1971, ilishusha umri hadi miaka 18, vijana wakiwa wanapelekwa Vietnam bila kura. Mitihani ya kusoma ilianza kuondolewa na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya waandamanaji waliodai haki ya kura kupigwa kwenye daraja la Selma, Alabama.

Kwa hiyo jibu la swali, chagua moja ulipendalo: raia wa miaka 18 na zaidi anaweza kupiga kura, huhitaji kulipa kodi ili upige kura, raia yeyote, mwanamke au mwanaume, anaweza kupiga kura, raia mwanaume wa rangi yoyote anaweza kupiga kura. Huulizwi namba. Ukiijua nyamaza nayo.

Mazoezi ya mdomo

Kwa Kiingereza kumi na tatu (thirteen) na thelathini (thirty) zinakaribiana mno, kadhalika kumi na nne na arobaini, kumi na tano na hamsini. Mkongo mmoja aliapa kwamba utumwa ulikomeshwa na marekebisho ya thelathini, na yako 27 tu. Kumi-na-ngapi huvutwa mwishoni, na ile "n" isikike, thelathini hukatwa. Simama mbele ya kioo uzitaje kwa jozi, asubuhi na jioni, mpaka watoto wakucheke. Watoto wakicheka waambie wakusahihishe. Wao wamezaliwa nazo.

Zoezi la pili: mwenzako ashike mkono wake, wewe useme sentensi ya 13. Aonyeshe cheti, useme ya 14. Ainue kidole, useme ya 15. Kisha mpindue: wewe uanze na mlango mwekundu, yeye ataje sentensi. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Usiku wa kuamkia mahojiano usisome kitu, kula ulale, na asubuhi hakikisha una barua ya wito na vitambulisho.

Na usipolisikia swali, omba lirudiwe. Inaruhusiwa. Mzee wetu wa gereji, mwenye miaka 61, aliingia na mkalimani mwezi wa nne. Akaulizwa lilelile swali langu. Akaomba lirudiwe, likarudiwa. Akainua kidole kwanza, kisha akasema mtu asidaiwe kodi ya kichwa ili apige kura, na akaendelea kueleza jinsi baba yake alivyokuwa akijificha mihogoni huko Uvira kila watoza kodi walipopita, na jinsi mbuzi wao mmoja alivyochukuliwa badala ya pesa. Mkalimani akatafsiri yote, pamoja na mbuzi. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akaweka alama, akafungua swali lililofuata.